Hatua ya Sita Haina Kisima

Chaco, 2 Machi

Dada Nimia, Mkuu wa Kibanda cha Gemu,

Kabla barua hii haijakufikia wewe, imeshasomwa na mtu mwingine. Simu zetu zilichukuliwa siku tuliyofika kambini, zikatiwa zote kwenye gunia moja kama mihogo, na barua tunazikabidhi bila kufungwa. Ofisini kuna koplo ambaye kazi yake ni kuzipitia na kuzigonga muhuri. Kwa hiyo ukiona nimesifu chakula, usishangae. Chakula ni kizuri sana.

Nilitaka nikuandikie Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani, lakini Sajini Recalde naye Kiguarani amekinyonya kwa mama yake kama sisi. Matusi yake yote mazito ni ya Kiguarani.

Nywele walizoninyoa nimezisahau, ila gemu letu silisahau. Jirani yangu wa kitanda ni Eligio Cabañas, kijana wa Santaní, mwembamba, mwenye pumu. Alipomwambia daktari kuwa ana pumu, akaambiwa hewa kavu ya Chaco itamponya. Huyo hajawahi kushika pedi ya gemu maishani mwake, basi tukiwa tunamenya mihogo mimi namsimulia Bruno Dinamita. Nimemweleza kuwa ni steringi ambaye risasi zake haziishi, ila fulana zinaisha, maana kila hatua lazima moja ichanike. Nimemweleza kwamba bomu likilipuka nyuma yako hutakiwi kugeuka, ukigeuka unakatwa pointi. Kwamba ukishamtupa adui kwenye jokofu gemu linasimama, linakupa maneno ya kuchagua, na ukichagua maneno mabaya Bruno anaona aibu na nguvu zinamwishia. Eligio amechagua "Poa, ndugu." Anaisema siku nzima. Sajini akipita, akisha kutukana na kwenda zake, Eligio ananong'ona, "Poa, ndugu," na mimi nabaki kuuma midomo.

Lakini habari ya Mzee Pancho imemkera. Nikamwambia ndiyo sheria ya filamu zote za namna ile: mshirika aliyebakiza siku mbili astaafu, akitoa tu picha ya wajukuu, anakufa. Asipokufa Bruno hapandwi na hasira, na bila hasira humpigi adui mkuu, Kanali Sharubu. Eligio akatupa kisu chini. "Gemu gani la kishenzi hilo? Si mngemnyang'anya hiyo picha?"

Miaka yote tuliyocheza, mimi na wewe hatukuwahi kuliwazia hilo.

Hatua ya mwisho usiicheze na mtu mwingine. Nisubiri.

Mdogo wako,
Derlis

*

Caaguazú, 14 Machi

We Derlis,

Bibi anasema vaa soksi. Nimemwambia Chaco ni joto, akasema joto ndilo linaloleta fangasi. Basi vaa soksi, tuishi kwa amani hapa nyumbani. Mama yako alipiga simu kutoka Buenos Aires, analia kwamba hujampigia. Nimemwambia umekuwa mwanajeshi, wanajeshi hawapigi simu, wanapiga watu. Hakucheka.

Kibanda kipo palepale. Pedi ya kushoto bado inakwama kitufe cha kuruka. Silvino wa buchani anakuja kila Jumamosi kujipendekeza, anataka tucheze wawili, nimempa hatua ya kwanza tu. Kila akiua mtu anachagua maneno ya kanisani. Juzi Bruno alimrusha jambazi kutoka kwenye helikopta, Silvino akachagua "Nenda kwa amani." Bruno akaona aibu mpaka akakaa chini. Kibanda kizima kilikuwa hoi.

Hatua ya mwisho sitaigusa. Unajua gemu hili nalijua kuliko Baba Yetu. Nikifumba macho nakwambia nyuma ya pipa gani kuna fulana mpya. Nitakuwa bado nalijua utakaporudi.

Mwambie huyo Eligio kuwa mimi ndiye Mzee Pancho, siku zote nacheza upande wake, na nimeshakufa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuna kinachouma. Nakutumia chipa, vile vimkate vya jibini, mgawane.

Halafu acha kusifu chakula, nimekuelewa.

Nimia

*

Chaco, 10 Aprili

Dada Nimia,

Eligio amerudi kwao Santaní, kwa hiyo sina tena wa kumsimulia. Nakusimulia wewe.

Unaikumbuka hatua ya sita, ile ya kisima? Kanali Sharubu anamkamata mshirika wa Bruno kwa kosa la kucheka kwenye paredi. Ni saa sita mchana, upepo wa moto wa kaskazini unavuma. Anambebesha gunia la mchanga, anamwamuru azunguke kisima cha maji ya chumvi mpaka aache kucheka. Mshirika ameshaacha kitambo. Yule kifua chake ni kibovu, anapumua kwa mluzi, unausikia kutoka mbali. Bruno na wenzake wamepangwa mstari, wanatazama. Hapo ndipo gemu linapokera, Nimia. Nilibonyeza vitufe vyote na Bruno hasogei.

Mshirika anaanguka. Kanali anamwambia inuka. Anamwambia tena. Baadaye wanaleta bunduki ambayo haikuwepo, wanailaza karibu naye, na karani anaandika kwamba alikuwa akiichezea ikamlipukia usoni. Lakini uso wake ulikuwa mzima. Hilo lishike vizuri, ndiyo sehemu kubwa ya hatua hii: uso mzima, kichwa kizima, hakuna tundu popote. Na hakuna maneno ya kuchagua. Linaishia hapo tu.

Nakuomba kitu kimoja. Mama yake Eligio anaitwa Ña Brígida, anauza chipa kituo cha mabasi cha Santaní. Nenda ukamsimulie hatua ya sita, maana mwanawe aliipenda sana. Msimulie yote, usiruke hata kidogo.

Nakusubiri unijibu.

Derlis

*

Caaguazú, 18 Aprili

Derlis mpenzi,

Jua limekupiga utosini? Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa kibandani, watu wamecheka mpaka Silvino akapaliwa na chai yake baridi ya tereré.

Hatua ya sita ni kiwanda cha barafu! Hatua ya sita haina kisima. Hakuna kisima gemu zima, wala gunia la mchanga, wala karani. Na Mzee Pancho tangu lini ana kifua? Mtu anavuta sigara tatu kwa mpigo na bado anamkimbiza adui ghorofani. Tena Kanali Sharubu hatokei mpaka hatua ya nane, kwenye meli. Hiyo hadithi yako umeitoa wapi? Wewe uliyenifundisha njia ya mkato ya kiwandani leo unaniletea kisima! Mwezi mmoja tu wa jeshi umekufuta kichwa. Ukirudi utaanzia hatua ya kwanza na Silvino.

Na Santaní nikafanye nini? Nimwendee mama wa watu na chipa zake, nimwambie shikamoo, nimekuja kukusimulia gemu? Atanifukuza na ufagio, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Si Eligio amerudi? Amsimulie mwenyewe.

Bibi anauliza kuhusu soksi.

Nimia, bingwa wa hatua zote

*

Chaco, 25 Aprili

Kwa Bi. Nimia Ovelar,

Ninakuandikia kukujulisha kwamba afya yangu ni njema na kwamba tunatendewa vizuri na wakubwa wetu. Katika barua yangu iliyopita nilieleza mambo ya mchezo kimakosa. Ninakiri kwamba hatua ya sita haina kisima. Ninakuomba usiandike tena juu ya michezo, kwa kuwa haiendani na nidhamu ya jeshi. Ruhusa za kutembelewa zimesitishwa.

Kuruta Derlis Ovelar

*

Chaco, 28 Aprili

Bi. Nimia,

Hunijui. Mimi ni Koplo Wilfrido Gauto, ninayesoma barua. Hii haina muhuri. Shangazi yangu anaileta mkononi, na ukishaisoma ichome.

Mimi nimetokea Concepción, na gemu la Bruno Dinamita nimelicheza mpaka vidole vikaota sugu. Ile barua ya kisima nilianza kuisoma nikicheka. Nikasema moyoni, huyu kuruta ni bure kabisa, hata hatua hazijui. Halafu sikucheka tena. Kisima hicho kiko nje ya dirisha ninapoandikia. Niligonga muhuri nikaiachia ipite, nikajua wewe utaelewa, maana mnavyoandikiana ninyi wawili nimekuwa nikivifuata kama tamthilia.

Jibu lako lilipofika nilikuwa likizo. Sajini Recalde alilisoma mwenyewe. Yeye hajawahi kucheza gemu lolote, lakini umemwandikia waziwazi kwamba hakuna kisima, hakuna gunia, hakuna karani. Angekosaje kuelewa?

Eligio Cabañas hakurudi kwao akitembea. Alizikwa Santaní kabla ya Pasaka, na jeneza lilifungwa kwa skrubu. Mama yake aliambiwa risasi imemharibu uso, asifungue.

Ndugu yako yuko chumba cha adhabu. Ni mzima, isipokuwa mkono. Tarehe kumi Mei anakuja afisa kutoka Asunción kuchukua maelezo. Karatasi imeshaandikwa, inasema Derlis alimwona mwenzake akichezea bunduki. Akisaini, anarudishwa nyumbani kwa sababu za afya. Asiposaini, mimi sijui, na kutojua kwenyewe kunaninyima usingizi.

Mwandikie asaini. Mpe shangazi barua yako, nitampelekea bila kuisoma. Itakuwa hiyo moja tu, zaidi ya hapo nitajulikana.

Wilfrido G.

*

Caaguazú, 4 Mei

Derlis, mdogo wangu,

Barua hii hakuna aliyeisoma, kwa hiyo nakuambia wazi: ni mimi. Ulinipa siri nami nikaisimamisha uchi mbele ya watu, nikacheka. Niliona makosa kumi ya gemu katika barua yako, na sikuona kwamba wewe huwezi kukosea hata moja.

Koplo aliponiambia, nilifunga kibanda nikawasha hatua ya sita. Nilicheza tangu asubuhi mpaka Bibi akaja kugonga mlango. Nilipiga risasi kila ukuta wa kile kiwanda, nikavunja kila pipa, nikazunguka nyuma ya mashine za barafu ambako hakuna anayekwenda. Nilikitafuta kisima, Derlis. Nilitamani kiwemo ndani ya gemu ili kisiwe huko kwenu.

Kesho yake nikapanda basi la Santaní. Ña Brígida ni mfupi, sauti nene, chipa zake zinanukia anisi. Nikamwambia natoka kwa rafiki wa Eligio. Akaniambia, "Kaa, mwanangu, umekula?" Ikabidi nile kwanza.

Hajui kusoma, nikamsomea. Barua zako zote nilikuwa nazo, akataka nianze na ya kwanza. Pale uliposema Eligio alitupa kisu kwa ajili ya Mzee Pancho, alicheka, akapiga goti kwa kiganja. "Ndiye huyo! Ndiye huyo mwanangu, mkaidi!" Nilimsomea ya kisima huku natamani ardhi inimeze. Aliposikia uso mzima, alinishika mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

Kwao wana kaburi la nyumba, lenye mlango, kama letu la kina Babu. Jeneza lipo kwenye rafu, halikufukiwa. Alimwita kaka yake na bisibisi. Wanawake wa pale walikuja na shuka jeupe, kwa sababu hawakuwahi kumvisha mtoto wao, walimpokea amefungwa. Mimi nilibaki mlangoni. Nilimsikia akisema kwa Kiguarani, taratibu, kana kwamba anamwamsha kwenda shule: "Che memby, mwanangu, uso wako huu hapa."

Hakuna tundu, Derlis. Kichwa ni kizima. Mwendesha mashtaka wa Santaní amekuja ameona kwa macho yake, na daktari ameandika.

Kwa hiyo saini. Wakikuletea karatasi, saini, hata ikisema Eligio alikufa kwa kula chipa. Maiti imeshasema yenyewe, haikuhitaji tena wewe. Ña Brígida naye anasema hivyo: asije mwanamke mwingine akaletewa sanduku la skrubu kwa ajili ya mwanangu. Saini uje nyumbani. Bibi hajui lolote, anadhani umeteguka mkono kwenye kwata.

Nilipokuwa naondoka Ña Brígida aliniuliza kitu kimoja nikuulize. Anataka kujua kama mwanawe alikuwa peke yake alipoanguka. Hilo tu. Anasema hilo ndilo linalomkosesha kulala.

Dada yako,
Nimia

*

Chaco, 9 Mei

Ña Brígida,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, unisamehe mwandiko, na umsamehe Nimia atakayekusomea. Barua hii naitoa kwa njia ya ofisi. Koplo amenisomea kwa sauti, akaniuliza kama nina hakika, akaniuliza tena. Kisha amegonga muhuri. Nyingine kama hii, neno kwa neno, nitampa afisa kesho.

Dada yangu ameniambia nisaini ya kwao nirudi nyumbani. Niliisoma barua yake nikalia, maana nyumbani nakutaka mno. Nimeliwaza jambo hili mpaka kichwa kimeuma. Mwili wa Eligio umesema hakupigwa risasi. Hauwezi kusema nani alimzungusha. Nikiisaini karatasi yao, watasema basi aliugua, ni kifua chake, ni bahati mbaya, na kisima kitabaki pale na makuruta wapya wanakuja Agosti.

Kwa hiyo naandika bila Bruno na bila kanali. Tarehe 7 Aprili, saa sita mchana, Sajini Recalde alimtoa Eligio Cabañas kwenye mstari kwa sababu alicheka. Alimbebesha gunia la mchanga akamwamuru azunguke kisima. Eligio alisema ana pumu. Alisema mara mbili, kwa Kihispania na kwa Kiguarani. Sajini alivuta kiti akakaa kivulini. Eligio aliomba maji akaambiwa ayachote kisimani, nayo ni ya chumvi, hayanyweki. Alianguka akiwa ameelekea upande wetu. Hakukuwa na bunduki. Bunduki ililetwa baadaye kutoka ghalani, nilimwona aliyeileta.

Alikuwa akituchekesha kila siku. Alikuwa akisema atafungua banda la chipa lenye meza na viti, wewe ukae tu upokee wateja. Alinifundisha kumenya muhogo bila kukata kidole.

Sasa nakujibu ulichouliza. Nimia angependa nikudanganye hapa, nami nilijaribu, nikaiandika sentensi nikaifuta. Utakuja kulisikia likisomwa mahakamani na watu usiowajua, ni afadhali ulisikie kwangu kwanza.

Hakuwa peke yake, Ña Brígida. Tulikuwa mstari mzima, vijana wazima wenye nguvu, na tulikuwa karibu kiasi cha kuusikia mluzi wa kifua chake. Hakuna aliyetoka.

Derlis Ovelar,
niliyesimama wa tatu kutoka kushoto